Majina Matatu Kwenye Tangi

Nalotuesha, muuza maziwa, alikuwa mkarimu wa maneno, si wa maziwa. Mwaka ule wa 2009 ukame ulikuwa umekaza kote Kajiado, ng'ombe wakianguka kandokando ya barabara ya Namanga, na kikombe chake cha bati cha kupimia hakikuongezwa hata tone. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwezi wa tatu, alipommiminia Muthoki kikombe chake cha kila siku, kisha akainamisha kibuyu tena na kuongeza kidogo, na kidogo tena, na kidogo mara ya tatu, Muthoki alidhani mama wa watu ameanza kuzeeka.

"Hii ingine ni ya nini?" aliuliza.

"Ya watoto. Hiyo sitaki kitu. Wako na kiu, nimewaona."

"Watoto gani, Nalotuesha? Si unajua mimi sina watoto."

Nalotuesha alicheka, akafunga kibuyu chake na kukipangusa kwa shuka. "Si wale wako kwa tangi, huko nyuma. Wanacheza na maji ya bomba. Watatu."

Alipoondoka, Muthoki alibaki mlangoni na sufuria mkononi. Kilichomshtua si kusikia watoto. Mtaa wa Noonkopir ulikuwa umejaa watoto wa kuruka nyua. Kilichomshtua ni kwamba walikuwa watatu, kwa sababu hesabu hiyo ilijulikana na watu wanne tu duniani: yeye, mumewe, daktari mmoja wa Nairobi na nesi wake.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Tangi jeusi la plastiki lilikaa juu ya mawe yake, tupu, kwa maana lori la maji lilikuwa halijafika tangu Jumatatu iliyopita. Alifungua bomba, likakohoa vumbi. Lakini udongo wa chini yake ulikuwa umelowa, mweusi, wa kunata, na ulinukia mvua ya kwanza, mvua ambayo Kitengela nzima ilikuwa ikiiomba kanisani na msikitini bila kuipata.

Aliyanywa yale maziwa mwenyewe, akiwa amesimama jikoni, akijiambia kuwa Nalotuesha amechoka na njaa. Alikuwa katika siku ya tisa ya zile siku kumi na nne za kungoja, na daktari alikuwa amemwambia asikubali wasiwasi.

Muthoki alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Mbooni, na kazi yake ilikuwa kushona yunifomu za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuta zake zilijaa sketi za buluu na kaptula za kijivu za watoto wa watu. Mumewe, Mwanzia, alifanya kazi kule Magadi, kwenye joto na chumvi, akilala katika nyumba za kampuni na kuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Majirani walimwita Fundi. Wanawake wengine wa mtaa waliitwa kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, na yeye, kwa kuwa hakuwa na jina la kuitwa nalo, wakampa la cherehani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini lilimchoma kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Mama mkwe wake, Nthenya, alikuwa amekwisha kuchoka kungoja. Alitaka Muthoki afuate desturi ya Wakamba na kumwoa msichana, amlete nyumbani awe wake, amzalie watoto kwa jina lake. Msichana alikuwa ameshatafutwa. Muthoki aliomba muda, na katika muda huo yeye na Mwanzia wakaenda Nairobi kwa siri, mahali ambapo mayai yake yalitolewa, yakaunganishwa na mbegu ya mumewe katika kichupa, kisha yakarudishwa. Mwanzia alimwapisha. "Mama asijue kabisa," alisema. "Atamwita mtoto wa chupa mpaka aoe." Muthoki akakubali. Alijidunga sindano za tumbo peke yake, saa moja jioni taarifa ya habari ikianza redioni, akiuma ncha ya leso, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha alama.

Mara ya kwanza, miaka miwili nyuma, walirudisha viinitete viwili. Baada ya siku kumi na nne nesi alimwambia kwenye simu, "Pole, hazikushika," kama anayezungumzia rangi ya kitambaa. Muthoki alilia wiki tatu, na kilio kile kilimtatiza kwa sababu hakujua anamlilia nani. Matanga yote aliyowahi kukaa yalikuwa ya mtu mwenye jina.

Safari hii vilikuwa vitatu. Alionyeshwa kwenye kioo, vidoa vitatu vyeupe. Mwanzia alimfikisha langoni, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akarudi Magadi kwa sababu zamu yake ilikuwa ya asubuhi iliyofuata. Saa tisa mchana Muthoki alikuwa kitandani, mikono juu ya tumbo. Mtaa ulikuwa kimya. Watu wazima walikuwa kazini, watoto shuleni, na upepo wa mbugani ulikuwa ukipiga mabati. Ndipo alipofanya kosa.

Kwao, mtoto akizaliwa hukaa siku tatu bila jina. Siku hizo bado ni wa aimu, mizimu ya kule alikotoka, na hakuna anayemtaja. Siku ya nne wanawake hukusanyika, nyanya humshika mikononi, hulitamka jina, na hapo ndipo anapokuwa mtu wa watu. Jina halimtangulii mtoto. Muthoki alilijua hilo tangu akibeba kuni na nyanya yake Mbooni. Lakini alikuwa mpweke, na aliogopa kupoteza tena vitu visivyo na majina.

"Nzuki," alisema kwa sauti, jina la baba mkwe marehemu. "Nthenya," la mama mkwe. "Kamene," la mama yake mwenyewe aliyemzaa. "Mmesikia? Mna majina sasa. Kwa hiyo mkae. Mkae na mimi, tafadhali."

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, lile linalotazama tangi.

Siku ya kumi na nne alipimwa damu. Alikuwa mjamzito. Alicheka na kulia hapo hapo kwenye korido, akampigia Mwanzia, na Mwanzia akapiga ukelele hadi wenzake wa zamu wakamuuliza nani amekufa. Wiki tatu baadaye mashine ilionyesha moyo mmoja. Mmoja tu. "Huyu ameshika vizuri," daktari alisema. "Wale wengine wawili wametoka wenyewe. Hiyo ni kawaida."

Alirudi nyumbani akiwa na furaha na msiba katika kifua kimoja. Aliketi kwenye cherehani ili mikono ipate la kufanya. Ilikuwa saa tisa. Kanyagio lilipotulia, akasikia sauti ndogo kutoka nyuma ya nyumba.

"Mwaitu."

Mama yangu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Moyo wake uliruka, na hata kabla hajafikiri, mdomo ulikuwa umeshajibu: "Niko hapa."

"Mwaitu," ikasema sauti ya pili. Na ya tatu.

Mwenye akili zake angetoka mbio hadi kwa majirani. Muthoki alifungua mlango wa nyuma. Hakuona mtu, ila nyayo ndogo katika tope chini ya bomba kavu, jozi tatu, zikielekea kizingitini pake. Akazitazama, akazihesabu, akasema polepole, "Nzuki? Nthenya? Kamene?" Kitu baridi kikampita magotini, kikampita tena, kikampita tena, kikaingia ndani.

Miezi miwili iliyofuata, ni aibu kuisema, alikuwa na furaha. Wanawake wa kanisa walipomsalimu, aliwajibu akiwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kila mchana alipanga vikombe vitatu vya maziwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, na saa tisa alipoinama kuchomeka uzi, alisikia miguu mitupu ikikimbia kwenye saruji, kucheka, mnong'ono, na akirudisha macho vikombe vilikuwa vitupu, vimepinduliwa, pembeni vina ukungu wa baridi. Aliwasimulia habari za Mbooni. Aliwaimbia. Yunifomu tatu ndogo kabisa, za darasa la watoto, alizikuta zimening'inia zikiwa na tope kwenye pindo, na badala ya kushtuka alizifua, akazipiga pasi na kuzirudisha mahali pake.

"Unakuwaje huko peke yako?" Mwanzia alimuuliza kwenye simu.

"Siko peke yangu," alisema.

Mambo yaligeuka mwezi wa sita, tumbo lilipoanza kuonekana. Alikuwa akishona kola. Miguu ilikuja kama kawaida, lakini haikukimbia. Ilisimama. Halafu vidole vidogo, vya baridi kama vimetoka kwenye friji, vikapenya chini ya blauzi yake na kutulia juu ya tumbo.

"Mwaitu," sauti ikanong'ona karibu na sikio. "Kuna nani humo ndani?"

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa. "Ni ndugu yenu," alisema.

"Sisi tuko wote. Nzuki yuko. Nthenya yuko. Kamene yuko. Huyo ni nani?"

Vidole vikabonyeza.

"Huyo hana jina," sauti ikasema. "Amekaa mahali petu."

Siku hiyo ndipo alipoanza kuogopa, na woga wake ulikuwa wa mchana mweupe, wa kutazama saa ya ukutani ikitoka saa saba kwenda saa nane, wa kutamani kwenda nje na kutokuwa na pa kwenda, kwa kuwa rafiki zake wote aliwaacha alipoanza kuficha sindano, na sasa hakuwa hata na mmoja wa kumwambia jambo la kwanza ili aelewe la pili. Aliacha kuweka maziwa, vikombe vikajipanga vyenyewe mezani, vitatu, vikiwa na tope ndani. Alifunga dirisha la nyuma kwa msumari, na saa tisa lilikuwa wazi, msumari umelala kizingitini umenyooka vizuri, huku harufu ya mvua isiyonyesha na harufu ya spiriti ya hospitali zikiingia pamoja hadi kooni. Na siku moja, akiwa amesimama kukata kitambaa cha buluu, alihisi mikono, si miwili bali mingi, ikimshika tumbo kutoka pande zote kama watu wanaogombania furushi la nguo sokoni, ikivuta, ikibinya, sauti zikibishana kwa upole wa kutisha, mimi kwanza, hapana mimi, mimi nina jina la babu, na alipopiga kelele na kukaa chini, kiti kilikuwa na damu.

Daktari alimwambia alale, asishone, asiinue kitu. Moyo wa mtoto bado ulikuwa unapiga. Muthoki alilala na kusikiliza miguu ikizunguka kitanda.

Aliyemwokoa ni Fardosa, jirani wa upande wa kushoto, mwenye duka la nguo sokoni Kitengela na watoto sita. Alikuja alasiri moja akiwa amebeba chapati, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Fundi, nikuulize, usikasirike," alisema kwa sauti ya chini. "Mpira ya watoto yangu imeruka kwa plot yako tangu juzi. Wamekataa kuja kuchukua. Hata yule mkubwa. Anasema kuna watoto hapa hawana macho kwa uso. Nimemchapa kwa uwongo. Lakini saa hii nimepita hapo kwa tangi, na mimi nimesikia mtu anacheka."

Muthoki alifungua mdomo, na miaka yote ikatoka. Alimwambia kila kitu: Nairobi, kichupa, vidoa vitatu, majina. Fardosa alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono, na Muthoki akalia kwa ajili ya ule mkono kuliko kwa ajili ya hofu.

"Wallahi, ulibeba hii yote peke yako?" Fardosa aliuliza. "Na mimi niko hapo tu ukutani?"

Kesho yake alimleta baba yake, Maalim Kullow, mzee wa Mandera aliyefundisha watoto Kurani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, macho yake mazuri. Alisimama kwenye tangi muda mrefu. Kisha alirudi, akaomba kiti na maji.

"Mama, hii si mtoto yako," alisema. "Ile mbili imekufa imeenda kwa Mungu, imepumzika. Hii ni majini ya hapa, ya hii mbuga, kabla ya nyumba. Jini maskini, haina jina. Wewe umesema jina, na mwili haiko. Jina imeanguka chini. Wameokota."

"Wananiita mama," Muthoki alisema.

"Ndiyo. Wewe uliwapatia jina, nani mama kama si wewe? Sasa wanataka mwili." Alionyesha tumbo kwa kidevu, kwa adabu.

Alifukiza ubani hadi nyumba nzima ikawa na moshi, akasoma kwa sauti tulivu kutoka chumba hadi chumba, Fardosa akimshikilia Muthoki begani. Walipofika tangini, mzee alimwambia ni lazima yeye mwenyewe awakane kwa kinywa kile kile alichowaitia. Ndani ya tangi tupu kulikuwa na kilio, sauti tatu, za watoto waliofungiwa nje, zikisema mwaitu, mwaitu, tumekosa nini, ulisema tukae na wewe. Muthoki alijua ni nini kilichokuwa kikilia, na bado maziwa yalimchuruzika ndani ya blauzi, miezi mitatu kabla ya wakati wake.

"Mimi si mama yenu," alisema. Ilibidi aseme mara tatu. "Nilikosea. Ondokeni."

Tangi liligonga mara moja, kwa kishindo, kama lililopigwa teke. Kisha upepo ukachukua vumbi kutoka pale na kulipeleka upande wa mbuga, na udongo wa chini ya bomba ukakauka mbele ya macho yao.

Maalim Kullow alikataa chochote ila chai. Akiondoka alimwonya. "Nimewatoa kwa nyumba. Lakini jina wameenda na yeye. Huyu mtoto akizaliwa, mshike kwa mkono, mpatie jina mpya, ya kwake. Usimwite ile tatu. Hata moja. Ukimwita jina ya jini, umemwambia jini: ingia, hii ni mwili yako. Na yule mtoto atatoka aende wapi? Atakuwa yeye ndiye hana jina."

Usiku huohuo Muthoki alimpigia Mwanzia na kumweleza. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa mitambo ya kiwanda.

"Muthoki, mama ameshaambia ukoo wote ni Nzuki," alisema. "Anasema baba amerudi. Nitamwambia nini? Kwamba Msomali amekataza? Ataniuliza mwanzo wake."

"Mwambie ukweli."

"Tutaona," Mwanzia alisema. "Usijisumbue. Tutaona."

Mvulana alizaliwa Kajiado, wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, siku mvua ilipoanza kunyesha. Alikuwa mdogo, mwekundu, mwenye makunyanzi kwenye paji la uso kama mzee aliyeonewa na karani. Alikishika kidole cha Muthoki, kile kilichojaa matundu ya sindano, na hakukiachilia. Siku tatu Muthoki hakulala kwa kumtazama. Mtoto alinukia maziwa na kitu kama unga wa mtama uliokaangwa. Kila saa tisa mchana alilia, kilio kifupi chenye kwikwi mwishoni, akatulia akisikia sauti yake. Muthoki hakumwita kwa jina lolote. Alikuwa amejifunza kuogopa majina hata mazuri, na alisubiri siku ya nne amshike, amtamkie moja jipya mbele ya watu. Hakuwa amelichagua. Kila alilolifikiria aliona si salama. Kwa siku tatu hakuwa mpweke, na hiyo ilimtosha.

Siku ya nne Nthenya alifika na wanawake saba kutoka Mbooni, kanga zimelowa mvua, nyimbo zikiwatangulia tangu langoni. Mwanzia alikuwa amepewa ruhusa kazini. Walijaa chumba cha mbele, kati ya sketi na kaptula, na Nthenya akamchukua mtoto mikononi. Machozi yalikuwa yakimtiririka mama yule wa miaka sabini na mitano. Alikuwa amengoja miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu mbaya.

"Mama," Muthoki alisema. "Ngoja kidogo. Kuhusu jina."

"Jina limefanya nini?" Nthenya aliuliza.

Muthoki alimtazama Mwanzia. Mwanzia alitazama viatu vyake. Akawatazama wale wanawake saba, ambao kufikia Jumapili wangekuwa wameeneza Mbooni nzima habari ya kichupa na sindano na maalim na majini, na mtoto angekua nayo mgongoni. Aliwaza: labda wameenda kabisa. Aliwaza: miezi mitatu sijasikia kitu. Alikuwa amechoka sana kuwa peke yake, na humu chumbani kulikuwa na watu wanane wanaomtabasamia.

"Hakuna, mama," alisema. "Endelea."

Nthenya alimwinua mtoto. "Nzuki," alisema. "Umekuja kwetu, Nzuki."

Wanawake walipiga vigelegele. "Mama Nzuki! Mama Nzuki!" walimwita, wakimkumbatia, na ndani ya kelele hizo, kwenye mvua, nyuma ya nyumba, Muthoki alisikia kilio kifupi chenye kwikwi mwishoni.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kamili.

Alitoka mbio na leso zake za kitandani hadi kwenye tope. Kilio kilikuwa kwenye tangi, juu ya jiwe, mahali pasipo na kitu, na alipopapasa kwa mikono yote miwili alishika maji ya mvua. Wanawake walimfuata, wakamfunika kanga, wakamrudisha. "Ni uzazi, humsumbua mtu," walisema. "Mtoto wako huyu hapa, tazama, ametulia kabisa." Walimweka mikononi mwake. Makunyanzi yalikuwa yametoweka kwenye paji la uso. Alikuwa baridi, na alinukia spiriti. Alimtazama Muthoki kwa macho ya mtu anayemfahamu, na hakukishika kidole chake.

Asubuhi wageni wakiwa bado wanakunywa chai, Nalotuesha alibisha mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imemrudishia furaha. Alimimina maziwa ya nyumba, kisha akaongeza kidogo pembeni, katika kifuniko.

"Hii ni ya yule mdogo ako kwa tangi," alisema. Hakuwa anacheka. "Analia tangu jana, mama. Ni mchanga sana. Mbona humwingizi ndani?"

Muthoki alichukua kifuniko akaenda nacho, miguu mitupu kwenye tope. Kilio kilikuwa kimepungua, kimebaki kwikwi. Hakuweza kukiona wala kukishika. Kilichobaki ni kukiita. Akapiga magoti.

"Musila," alinong'ona, jina la baba yake.

Kutoka ndani ya nyumba, kutoka kitandani alipomlaza mtoto wa siku tano, sauti ndogo ikaitika: "Niko hapa, mwaitu."

"Metito," akasema haraka, jina la mtu asiyemjua, jina lolote.

"Niko hapa, mwaitu," ikasema sauti ya pili, na nyuma yake ya tatu ikacheka.

Muthoki akaziba mdomo wake kwa mkono, asije akawaangushia jina jingine la kuokota. Chini ya bomba, kwikwi ilisogea karibu na magoti yake, ikangoja.